Kilio cha Trekta la Nchagwa

Scholastica alipozungusha ufunguo, trekta likalia. Sauti nyembamba ilitoka ubavuni mwa injini, ikapanda juu, ikakaa huko huko juu kama mtu aliyeshikilia pumzi, kisha ikashuka polepole alipouachia ufunguo. Kuku waliokuwa wakidonoa karibu na pipa la maji walitawanyika. Upande wa pili wa ua wa minyaa, jirani aliyekuwa akipukuchua mahindi aliinua kichwa, akatazama, akabeba ungo wake na kuingia ndani.

Alijaribu tena. Betri ilikuwa na nguvu, alikuwa ameiazima kituo cha kuchajia simu na kuifunga mwenyewe, nyaya kazing'arisha kwa msasa. Stata ilizunguka vizuri, tena kwa kasi. Ila haikushika kitu. Injini ilibaki kimya kama jiwe, na ule mlio ukaenda ukarudi, ukaenda ukarudi, mpaka mkono wake ukachoka.

Mokami alikuwa ameketi mlangoni pa jiko, miguu kainyoosha, ungo wa ulezi mapajani. Alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, mwembamba, asiyepaza sauti hata akigombeza.

"Mwache apumzike," alisema.

Scholastica alishuka kwa nyuma, pale panapofungwa jembe, kama alivyozoea kwa sababu ya sketi. Akiwa ameshafika chini ndipo neno lile lilipomrudia. Mokami hakusema liache. Alisema mwache.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha Machochwe. Udongo ulikuwa mweusi na laini, na kila aliyekuwa na maksai alikuwa shambani. Nyumba ile haikuwa na maksai. Ilikuwa na trekta moja la zamani, jekundu lililofifia mpaka kuwa rangi ya tofali, na wanawake wawili, na mtoto wa kiume wa miaka mitatu aliyeitwa Machage.

Mokami alizaa mabinti watupu na wote walikwisha kuolewa. Kwa hiyo, kwa mila ya Wakurya, alitoa ng'ombe akamwoa Scholastica, ili nyumba yake isifungwe. Ndiyo ile ndoa waitayo nyumba ntobu. Mtoto Machage alikuwa wa nyumba hiyo, na vyote vya mumewe Mokami, mzee Nchagwa, vilikuwa vyake atakapokua. Nchagwa mwenyewe aliikubali ndoa ile kwa moyo mweupe. Alimpenda Scholastica kama binti yake, akamfundisha kuendesha trekta, kubadili oili, kusikiliza injini. Aliyeikataa ndoa ile alikuwa mdogo wake, Kisyeri. Alisema mbele ya watu kwamba ng'ombe wa ukoo wametupwa, na kwamba mali ya kaka humwendea ndugu, si mtoto wa kuokotwa. Nchagwa alimwambia asikanyage tena kwake. Hawakusalimiana tangu siku hiyo.

Kisha Nchagwa akafa, na namna alivyokufa ndiyo iliyoleta maneno yote.

Alikuwa akilima shamba la mbali, lililopakana na pori la hifadhi. Mokami na Scholastica walikuwa wakimpelekea chakula cha mchana. Kutoka mbali waliliona trekta likienda mwendo wa kawaida, mzee juu yake, kofia kichwani. Lakini halikuwa likifuata mstari. Lilikuwa likizunguka. Lilichora duara moja kubwa, likaanza jingine, jembe likifukua udongo uliokwisha kulimwa. Mokami alicheka kwanza, akasema mzee ameanza utoto. Walipokaribia waliona kichwa kimeinama na mikono imelala mapajani. Hakuna aliyekuwa akishika usukani. Scholastica alitupa sufuria akakimbia, akadandia kwa nyuma, akaufikisha mkono wake mbele ya mwili wa mzee na kuvuta kamba ya kuzimia. Injini ikakata. Katika ukimya ule alihisi shavu la Nchagwa begani mwake, tayari limepoa.

Baada ya mazishi alikwenda kulichukua trekta, nalo likalia. Wanaume wakajaribu kusukuma, lakini udongo wa pale ulikuwa tope. Ndipo Kisyeri, aliyekuja kuzika ingawa hakualikwa, akapanda, akazungusha ufunguo mara moja tu. Likawaka. Mtu mzima yule alilia machozi juu ya usukani watu wote wakimwona, akaliendesha mpaka nyumbani kwa marehemu, akalizima, akaondoka bila kunywa hata maji.

Tangu hapo lilikuwa limesimama uani.

*

Siku zilizofuata Scholastica alifanya kila alichofundishwa. Aliifungua stata kwa spana zake mwenyewe, akaifunga kwa kitenge, akaipakata juu ya bodaboda hadi Mugumu, kwa fundi aliyeitwa Revocatus. Revocatus aliiweka sakafuni, akaibana kwa mguu, akagusisha nyaya za betri. Kile kigia kidogo cha mbele, bendeksi, kiliruka nje kwa nguvu na kuzunguka. Alikibadili hata hivyo, maana kilikuwa kimechakaa kidogo. Alisema stata ni nzima, na kama bado itakataa basi itabidi aje mwenyewe, lakini wakati huo wa kilimo asingeweza kutoka, magari na matrekta yalikuwa yamejaa hadi barabarani.

Scholastica alirudi, akaifunga. Trekta likalia vile vile.

Mwanzoni majirani walikuja kusukuma. Walikuwa vijana sita wenye nguvu, na kwa shida kubwa, maana uwanja ni tambarare, waliliwasha. Alilima nusu ya siku, likazimika lenyewe kwa uchafu wa dizeli, ikabidi libururwe kwa maksai wa watu mpaka nyumbani. Mara ya pili mmoja wa wale vijana aliteleza, tairi likamkanyaga ncha ya mguu. Hakuumia sana. Lakini kuanzia jioni ile hakuna aliyetaka kuweka bega lake kwenye chuma kile. Hawakukataa waziwazi, mmoja alikuwa na homa, mwingine ameitwa Tarime, mwingine alisema anakuja na hakuja.

Mteja wa kwanza aliyekuwa ameagiza kulimiwa alifika kudai malipo yake ya awali. Aliongea kwa adabu, akitazama chini. Alisema si yeye, ni mkewe, hataki trekta lile liingie shambani mwao. Mokami aliingia ndani akamletea. Mteja alizipokea noti kwa ncha za vidole, kama mtu anayepokea kitu cha moto.

Kisimani maneno yalikuwa yameiva. Walisema trekta linalia kwa sababu mwenyewe yumo. Walisema yeye Scholastica ndiye aliyemzima mzee, kwamba huenda mzee alikuwa bado hai, kwamba moyo wake ulikuwa umeungana na injini na mkono wa mwanamke ukavikata vyote kwa mvuto mmoja. Kwa nini basi likatae kwake na kumkubali Kisyeri? Watoto walikuwa wameshajifunza kuuigiza ule mlio. Alipopita na ndoo, ulimfuata nyuma, mwembamba, mrefu, ukitoka midomoni mwao.

Hakumwambia mtu, lakini hata yeye alianza kuogopa. Si trekta hasa. Aliogopa ule wakati mdogo baada ya kuzungusha ufunguo, kabla mlio haujaanza, ambapo kulikuwa na kishindo kidogo ndani, tak, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja. Na aliogopa kwamba Mokami alikuwa ameanza kuchukua kigoda chake asubuhi na kukiweka karibu na gurudumu kubwa, akapembua ulezi wake pale, midomo ikicheza. Siku moja alimsikia akisimulia habari za ng'ombe aliyezaa. Alinyamaza, akangoja, kisha akacheka kidogo, kama aliyejibiwa.

*

Kisyeri alikuja Jumapili, baada ya ibada, akiwa na wazee wawili wa ukoo. Mkubwa wao aliitwa Simioni. Wote walisalimiwa shikamoo, wakapewa viti na togwa. Kisyeri alikuwa mtu mkubwa kupita kiasi, mabega yake yakijaza mlango, lakini siku ile alizungumza chini kwa chini. Alimwita Mokami kwa jina la bintiye wa kwanza, Mama Regina, kama ilivyo heshima.

Alisema hakuja kwa ugomvi. Alikuja kwa sababu mvua inapita na trekta la kaka yake linaoza. Wazee wakataka kuona. Scholastica akaambiwa apande kwanza. Alipanda kwa nyuma, akaketi, akazungusha. Kilio kilijaa uwanja wote. Mzee mmoja aliivua kofia yake.

Kisyeri akaenda. Alikanyaga juu ya tairi kubwa, kwenye yale meno ya mpira, akajivuta kwa uzito wake wote, chuma kikalalama chini yake, akaketi. Akatoa gia, akazungusha ufunguo. Injini ikapokea hapo hapo, moshi mweusi ukaruka, na Mokami akaziba mdomo kwa kanga.

Alipolizima na kushuka, Kisyeri aliegemeza paji la uso kwenye boneti. Hakuna aliyemcheka. Mzee Simioni alisema wao hawana la kuongeza. Mwenye mali amesema. Trekta liende kwa Kisyeri, alime mashamba ya nyumba zote mbili, na mtoto akikua watazungumza. Jumamosi watakuja kulichukua kwa utaratibu. Scholastica alisema trekta ni la Machage. Simioni alimjibu kwa upole kwamba hakuna anayelikataa hilo, lakini Machage hafiki hata kwenye ngazi, na yeye mama yake halimtaki. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Kisha akaomba togwa nyingine.

Walipoondoka, Scholastica alimgeukia Mokami. Alimwuliza mbona hakusema neno.

"Nimeishi naye miaka arobaini," Mokami alisema. "Akikataa, alikuwa anakataa hivyo hivyo. Anakuita mpaka unachoka."

*

Alhamisi asubuhi, Scholastica alipofungua mlango, ukungu ulikuwa umelala uani hadi kiunoni. Mbwa walikuwa wamejikunja chini ya ghala, wote wawili, hawakubweka wala kuinuka.

Aliona ua wa minyaa umelazwa chini, upana wa mlango. Kutoka hapo nyayo za tembo, kila moja pana kama sinia, zilikuja moja kwa moja katikati ya uwanja. Tembo wa Machochwe watu wanawajua. Wakitoka hifadhini wanakwenda kwenye mahindi, wanang'oa mihogo, wanavunja ghala kwa harufu ya nafaka. Huyu alipita pembeni ya ghala bila kuligusa. Alipita kando ya mihogo. Alikwenda kwenye trekta, akalizunguka, akasimama nyuma yake. Pale udongo ulikuwa umepondwa sana, kama alikaa muda mrefu. Kisha akatoka kwa njia aliyoingilia. Juu ya kikinga-matope cha gurudumu la kulia, kimo cha mtu, kulikuwa na matope mabichi yaliyosuguliwa, na unywele mmoja mweusi, mgumu kama waya.

Mokami alitoka, akasimama bila viatu ndani ya unyayo mmoja. Mguu wake ulipotea mle.

"Nilimsikia akipumua," alisema. "Nikajua ni nani. Sikutaka kukuamsha."

Scholastica hakujua kilichompandisha juu ya trekta asubuhi ile.  Alitoa gia kwa mazoea, akazungusha ufunguo kwa sababu ulikuwa pale. Injini ikawaka.

Iliwaka mara moja, bila kusita, ikatetemesha kiti chini yake kama zamani. Majirani walitokea kwenye ukungu, kichwa kimoja kimoja, juu ya ua. Mokami alikuwa amepiga magoti. Alikuwa akisema asante, asante baba, na machozi yalimtiririka bila sauti. Scholastica mwenyewe kwa muda alikuwa na hakika kabisa kwamba akigeuka nyuma atamwona mzee.

Aligeuka. Aliona tu ardhi. Na pale ardhini, nyuma ya gurudumu kubwa, aliona kitanda cha tairi: lile bonde dogo lililochimbwa na uzito wa trekta kwa siku zote lilizosimama pale. Tairi halikuwa ndani yake tena. Lilikuwa limesogea mbele, kama shubiri moja na nusu.

Tembo alikuwa amelisukuma. Breki ya mkono ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo trekta liliachwa ndani ya gia siku zote, na likiwa ndani ya gia, gurudumu likisogea, injini nayo hujizungusha kidogo humo ndani. Alikaa na wazo hilo, trekta likinguruma. Alimkumbuka Kisyeri akikanyaga tairi, uzito ule wote, chuma kikilalama. Aliwakumbuka vijana sita. Kisha akajikumbuka yeye, akipanda kwa nyuma, mwepesi, bila kutikisa kitu.

Aliishika ile kamba ya kuzimia.

Mokami aliona. Alisimama, akaja mbio akamshika mguu. "Usilizime," alisema. "Mwanangu, nakuomba. Ukilizima hatarudi."

"Mama, nataka kujua."

"Kujua nini? Amekuja. Limewaka. Nenda kalime."

Lilikuwa jambo la akili, tena la kukwepa njaa. Injini ilikuwa hai na shamba lilikuwa likingoja, na watu walikuwa wakitazama. Kama angetoka pale na kulima, maneno ya kisimani yangekwisha siku hiyo hiyo. Lakini alijua pia kwamba jioni angelizima, na kesho lingelia, na Jumamosi lingechukuliwa. Alivuta. Kimya kikaanguka. Mokami aliuachia mguu wake, akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama kama asiyemfahamu. Ndivyo alivyotazamwa na watu wote siku ya msiba, lakini Mokami hakuwahi.

Alizungusha ufunguo. Trekta likalia.

Hakungoja. Aliingiza gia ya juu, akashuka, akaweka bega kwenye tairi, akasukuma hadi macho yakaingia giza. Halikwenda. Alisukuma tena. Alikuwa akilia sasa, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Akahisi bega la pili pembeni ya lake, jembamba, la mfupa. Alikuwa Mokami. Walisukuma pamoja, wakatikisa, wakaachia, wakatikisa, mpaka kitu ndani kikalegea na tairi likasogea upana wa vidole vinne. Scholastica alipanda, akatoa gia, akazungusha. Likawaka.

Alipolizima mara hii, alichukua spana. Aliifungua stata, akaiweka pembeni, akawasha tochi ya simu na kuchungulia ndani ya tundu. Humo huonekana ukingo wa flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na pete ya meno iliyolizunguka, ambayo ndiyo stata huikamata. Meno aliyoyaona hayakuwa meno. Yalikuwa yameliwa, yameviringika, mengine yameisha kabisa, kama ufizi wa mzee. Alimwomba Mokami ashike mkanda wa feni na kuuvuta kidogo kidogo. Flaiwili likageuka. Yakaja meno mazima, makali, yenye kung'aa kwa oili. Yakapita mengi mazima. Kisha yakaja mabovu tena. Injini ile, kila ilipozimwa, ilirudi kulala mahali pale pale, miaka nenda rudi, na stata ikayauma meno yale yale mpaka yakaisha.

Mokami alichungulia kwa muda mrefu. Alipoinuka alifuta mikono kwenye sketi, akaenda jikoni, akafunga mlango. Hakupika siku ile.

*

Jumamosi walikuja watu wengi kuliko ilivyotakiwa. Habari za tembo zilikuwa zimefika hadi Nyansurura, na kila mtu alitaka kuona. Kisyeri alivaa koti lake zuri. Aliwasalimia wote, akamwuliza Mokami hali yake, akamwinua mtoto Machage na kumshusha.

Scholastica alikuwa amekesha akitafuta namna ya kulisema, na namna zote zilikuwa mbaya. Mwishowe alimwendea Kisyeri mbele ya wazee, akapiga goti kidogo.

"Tata," alisema, kama Wakurya wamwitavyo baba, "kabla hujalichukua, naomba upande kwa nyuma. Pale ninapopanda mimi."

Kisyeri alishangaa lakini hakuona ubaya. Alipanda kwa nyuma, kwa shida, akiukunja mwili wake kati ya vyuma. Akaketi. Akazungusha ufunguo.

Trekta likalia.

Alizungusha tena, likalia.  Alijaribu tena na tena, haraka haraka, bila kupumzika, na ule mlio ukawa kama wa mnyama aliyebanwa na mlango. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Kisha mikono yake ikaanguka mapajani, kichwa kikainama, naye akabaki hivyo. Wanawake wawili walirudi nyuma kwa hofu, maana ndivyo Nchagwa alivyokuwa amekaa, na ndugu hawa walifanana migongo. Scholastica naye alimwona hivyo. Alitamani asingefanya alichofanya.

Alieleza kwa sauti ndogo. Aliifungua stata, akawapa wazee simu yenye tochi, wakachungulia mmoja mmoja. Mzee Simioni alisema meno hayo ni kama yake mwenyewe, na watu wachache wakacheka, wakiona nafuu ya kucheka. Alieleza habari ya tembo, kwamba alisukuma tu. Alieleza habari ya tairi na uzito.

Kisyeri alichungulia wa mwisho. Alikaa ameinama pale kwa muda mrefu kuliko wengine wote.

"Kumbe hakuwa kaka," alisema.

Alilisema kwa ajili yake mwenyewe, lakini uwanja ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. Ndipo Scholastica alipoelewa kitu ambacho hakukifikiria katika mahangaiko yake yote. Alidhani mtu yule alikuwa akipigania chuma. Kumbe miezi yote ile Kisyeri alilala akijua kwamba kaka yake, aliyemfukuza na kufa bila kumsalimia, amemsamehe, na amemwambia hivyo mara mbili mbele ya mashahidi. Sasa yeye Scholastica amemwonyesha kwamba ulikuwa uzito wake tu.

Wazee walisema trekta libaki. Kisyeri alikuwa ameshatoka uani.

*

Revocatus alipopata nafasi alikuja na jeki mbili na msaidizi wake. Ilibidi trekta likatwe katikati, injini upande huu na gia upande ule, ili flaiwili litoke. Alihitaji magogo ya kuliegemeza, na uani palikuwa na fito tu. Walikuwa bado wakizungumza hilo Kisyeri alipoingia na mkokoteni wa punda, juu yake magogo manne ya mkaratusi. Hakuna aliyemwita. Alimsalimia Mokami, akavua koti, akaanza kuyapanga.

Alifanya kazi hadi mchana. Walipowasha moto wa mkaa na kuipasha pete ya meno mpaka ikaachia, yeye ndiye aliyeishika kwa koleo. Waliigeuza uso, ili upande ambao haujaliwa ukutane na stata, wakaipigilia ikiwa bado ya moto. Revocatus alisema injini itaendelea kulala pale pale ilipozoea, hilo halibadiliki. Lakini sasa itakuta meno.

Kila kitu kilipofungwa, Scholastica alimpa Kisyeri ufunguo. Naye akapanda kwa nyuma. Likawaka kwa mzunguko wa kwanza. Alikaa kidogo, mikono juu ya usukani, akalizima, akashuka na kumrudishia.

"Sasa linamwakia kila mtu," alisema.

"Ndiyo, tata."

Alikuwa amelichukua koti lake lakini hakulivaa. Alitazama pale ambapo ua wa minyaa ulikuwa umezibwa kwa matawi ya miiba.

"Yule tembo. Umesema alisukuma tu."

"Ndiyo."

"Aliacha mihogo ya watu wote. Aliacha ghala. Akaja kusukuma chuma."

Scholastica alikuwa na jibu. Tembo hujikuna popote, kwenye mti, kwenye kichuguu, kwenye lori lililoharibika njiani; Revocatus alikuwa amemwambia hivyo asubuhi ile. Jibu lilikuwa mdomoni. Aliutazama uso wa yule mtu mkubwa, akamtazama Mokami aliyesimama mlangoni pa jiko, ameacha kupepeta.

"Sijui, tata," alisema.

Kisyeri aliitikia kwa kichwa. "Mimi nilidhani ananiita mimi. Kumbe alikuwa anakufundisha wewe." Akalitupia koti begani, akamshika punda hatamu, wakaondoka.

Kesho yake Scholastica alianza na shamba la Kisyeri, bila kuagizwa na mtu. Udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha na jembe lilizama vizuri. Korongo weupe walishuka nyuma yake kuokota wadudu. Kulikuwa na jua, na upande wa pori hapakuwa na kitu, nyasi tu zikilala na kuinuka. Katikati ya mstari mmoja alijikuta amekaa ukingoni kabisa mwa kiti, paja moja likining'inia, nusu ya pili ya kiti ikiwa tupu, kama aliyempisha mtu. Hakukumbuka alisogea saa ngapi. Alilitazama lile pengo, akatazama mbele, akaendelea kulima vile vile, amesogea.